Simu Isiyotaka Kushikwa

Jina la nchi yetu nimekatazwa kulitaja bila kibali cha maandishi. Kibali nimekiomba, na nimejibiwa kwamba ombi langu linashughulikiwa, kwa hiyo msomaji awe na subira kama niliyo nayo mimi. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri, ina bendera, ina mvua kwa msimu wake, na ina kiongozi ambaye jina lake la heshima ni Mshika Nchi. Ameishika miaka thelathini na miwili bila hata kubadilisha mkono.

Mimi ni karani. Kwa miaka ishirini na sita nilikaa dirisha namba tisa la Shirika la Simu la Taifa, yaani Dirisha la Malalamiko. Mke nilikuwa naye. Siku moja aliniambia kwamba kuishi na mimi ni sawa na kuishi na ukuta wenye mhuri, akafunga kanga zake akaondoka. Ningependa kulalamika, lakini dirisha lenyewe lilikuwa langu.

Mwaka ule Serikali iliamua tutengeneze simu yetu wenyewe, tuache kuazima masikio ya watu. Simu ikaitwa Fahari. Ilikuwa nyembamba, inang'aa, na ukingo wake wote ulikuwa wa chuma, na chuma hicho ndicho kilichokuwa antena. Mhandisi aliyeibuni aliijaribu miezi minane juu ya meza ya kioo, ndani ya chumba kilichofungwa, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa asije akaichafua. Alama zote alizopata zilikuwa mia kwa mia.

Uzinduzi ulifanyika uwanja wa taifa. Fahari ililetwa juu ya mto wa mahameli, imebebwa na askari wanne waliovaa glavu nyeupe. Mheshimiwa Kondo Mapembe, Waziri wa Mawasiliano, alisimama mbele ya kipaza sauti kwa saa mbili na robo.

"Ndugu wananchi," alisema, "wahenga walinena kwamba mkono mtupu haulambwi. Leo Serikali yenu sikivu imeujaza mkono wenu! Mshika Nchi ameishika nchi, nanyi ishikeni simu! Atakayeuliza tunakwenda wapi, mwambieni tumeshika!"

Hapo simu ikalia juu ya mto wake. Alikuwa Mshika Nchi mwenyewe, anapiga kutoka Ikulu, na sauti yake ilisikika uwanja mzima, safi, kama yuko chumba cha pili. Vimistari vya mtandao vilikuwa vitano, vyote vimesimama wima. Watu walipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mimi nililia, na sioni haya kulisema.

Baada ya sherehe simu za kigeni zilikusanywa zikasagwa. Kila raia akapewa Fahari yake, akaishika.

*

Kosa la Fahari linaelezeka kwa maneno mawili: ukiishika, haishiki. Kiganja kikiukumbatia ule ukingo wa chuma, mtandao unakimbia. Vimistari vitano vinakuwa vitatu, vinakuwa kimoja, kisha kimya. Hilo lilijulikana wiki ya kwanza. Upande wa pili wa jambo hilo ulichelewa kujulikana, kwa sababu mtu akiona simu inamponyoka masikioni, kitu cha kwanza anachofanya ni kuibana zaidi.

Foleni ya dirisha namba tisa ikafika mpaka barabarani. Alikuja kijana aliyekuwa akiposa kwa simu. Baba mkwe alimuuliza, "Binti yangu unamtaka kweli?" na kilichofuata kikawa kimya cha dakika nzima. Posa ilivunjika. Alikuja shehe aliyeombwa dua kwa simu, akaitikiwa "amina" ya kwanza tu, nyingine zote zikapotelea hewani. Nilipokea malalamiko yao kwa heshima, nikayapanga kwa herufi.

Wiki ya tatu ulishuka Waraka Namba Saba. Ulisema Fahari haina tatizo lolote la mtandao, ila nchi ina tatizo la mikono. Wananchi wanashika vibaya. Siku hiyo hiyo wizara ikabadilishwa jina, ikawa Wizara ya Mawasiliano na Mikono, na Mheshimiwa Mapembe akaapishwa upya akiwa ameinua mikono yote miwili.

Waraka ulikuwa na kifungu kuhusu lugha. Neno "imekatika" lilipigwa marufuku, kwa maelezo kwamba kwenye nchi yenye utawala bora hakuna kitu kinachokatika chenyewe. Kuna kinachokatwa, na kila kilichokatwa kina mkataji. Fomu mpya ikaletwa, ina swali moja: Nani alikata simu? Chini yake visanduku viwili, Mpigaji na Mpigiwa, na mstari wa sababu. Kwa kuwa waraka uliagiza tufute "katika" popote tutakapoikuta, makarani walifuta na ile nyingine isiyo na hatia, ile ya "katika mji" na "katika mwaka". Kwa siku nne hakuna barua ya Serikali iliyosomeka. Mimi mpaka leo naikwepa, kwa mazoea.

*

Bi Siwatu alikuja siku ya Jumatatu. Alikuwa mjane wa miaka sabini hivi, mnyoofu, amejifunga ushungi mweusi. Aliweka mkono wake wa kulia juu ya kaunta, akaunyoosha kwangu.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Umeleta lalamiko?"

"Nimeleta mkono. Nimesikia kosa ni la mikono, nikaona niulete ukaguliwe."

Niliutazama. Vidole vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, lakini kwa macho ya karani ulikuwa mkono wa kawaida. Nikamwambia hatuna kifaa cha kupimia mikono kwa sasa, kimeagizwa. Akauondoa taratibu, akaanza kunieleza.

"Nina mtoto mmoja tu, Tawakali. Yuko ng'ambo huko kwenye baridi, hata mji wenyewe siujui. Tuligombana tulipomaliza kumzika baba yake. Yeye anataka kwenda, mimi nataka abaki. Asubuhi ya safari akasimama mlangoni na begi lake, akaniamkia. Shikamoo, mama. Mimi nikageukia sufuria. Sikumwitikia."

"Hukumwitikia kabisa?"

"Kabisa. Nilijiambia, ndege zenyewe hizi za siku hizi, ataikosa, atarudi jioni, nitamwitikia hapo." Akaurekebisha ushungi. "Hakuikosa."

Nyuma yake foleni ilikohoa. Yeye hakuijali.

"Miezi kumi na moja kimya. Mfungo mosi ndipo akaanza kunipigia. Kila Ijumaa, saa kumi alasiri, hakosei. Naichukua simu, naipeleka sikioni, nasikia 'Shika', basi. Inazimika. Mwanzoni nikadhani ananiambia nishike. Nikashika. Ijumaa ya pili, 'Shika', nikashika kwa mikono miwili. Ya tatu nikaibana kifuani kama mtoto mchanga. Ndipo nikang'amua, baba. Mtoto ananiamkia. Ile ni shikamoo, imekatika nusu."

"Tafadhali, mama, neno hilo usiliseme."

"Nisemeje?"

"Imekatwa. Na fomu inataka kujua ni nani aliyekata."

"Na mimi namwitikia," alisema. "Kila Ijumaa. Marahaba mwanangu, marahaba baba. Lakini simu imeshakufa mkononi. Sasa yeye kule anaona nini? Anaona mama kapokea, kasikia shikamoo yake, kamkatia. Kama asubuhi ile ile. Mtoto atavumilia Ijumaa ngapi?"

Nilimshauri ampigie yeye. Akanionyesha: simu za ng'ambo, kwa sababu za usalama, huonyesha sifuri kumi tu. Alikuwa ameshazipiga hizo sifuri kumi, na mwanamke wa shirika letu akamwambia aweke namba iliyo sahihi.

Nilijaza fomu. Aliyekata: Mpigiwa. Sababu: Kushika vibaya. Nikagonga mhuri, na kwa kuwa wino ulikuwa mpya, ulitoka vizuri sana.

*

Serikali sikivu haimwachi mtu na ujinga wake. Kilifunguliwa Chuo cha Ushikaji Bora, na kila aliyelalamika alipelekwa huko siku kumi. Mshiko rasmi ulikuwa huu: kidole gumba juu, kidole cha mwisho chini, vidole vitatu vya kati vimesimama, kiwiko usawa wa bega, uso umeelekea bendera iliyo karibu. Mitaani watu wakawa wanatembea na simu zao kama waliomshika panya kwa mkia. Kwa mshiko huo Fahari ilishika kweli, sekunde kama kumi hivi, mpaka misuli ilipochoka na kiganja kikafunga.

Siku ya mahafali Mheshimiwa Mapembe alitangaza kwamba wizara yake imefanya mapitio ya methali. Ile ya "mshika mawili moja humponyoka" ilionekana kuwa na dalili za kukata tamaa, na tangu siku hiyo ikawa "mshika mawili hushika na la tatu." Tukaikariri wote mara tatu. Mhandisi aliyebuni Fahari alivishwa nishani, na kwa kuwa alikuwa ameanza kunong'ona habari za meza ya kioo, akateuliwa balozi kwenye kisiwa ambacho hakina simu.

Bi Siwatu alifeli. Vidole vyake vya kati havikusimama. Mwalimu aliandika kwenye cheti: "Ana moyo, hana vidole." Alinionyesha cheti hicho dirishani, akakikunja, akaenda zake. Nilijikuta nimesimama nikimwangalia mpaka alipopinda kona ya posta. Watu wengi wamepita dirishani kwangu na sikuwahi kusimama.

*

Jumatatu moja alirudi mbio mbio, ushungi umemteleza begani. Nilimwamkia, akaniitikia kabla sijamaliza.

"Baba karani, nimeipata dawa yake!"

"Dawa ya mkono?"

"Ya simu! Ijumaa nilikuwa nakanda unga wa chapati, mikono yote imejaa. Simu ipo juu ya stuli. Saa kumi, ikalia. Nikasema nikienda kunawa itakata roho. Nikaipokea kwa kifundo cha kidole, nikabonyeza na kile kitufe cha sauti kubwa, nikaiacha pale pale nikasimama." Alishusha sauti. "Ikasema, 'Shikamoo, mama.' Yote, baba! Na 'mama' imo!"

"Ukamwitikia?"

Aliangalia chini. Alianza kuparua kaunta kwa ukucha, mahali palipokuwa na doa la wino.

"Nilifurahi," alisema. "Nikaidaka."

Sikumwelewa mara moja.

"Nikaidaka kwa mikono yote miwili na unga wake. Nilitaka kumsogeza karibu. Ikafa."

Kuna kanuni inayomtaka karani aendelee kuandika mteja anaponyamaza, lakini kalamu yangu haikuwa na la kuandika.

"Basi," alisema akijifuta macho, "sasa najua. Ukiiachia ndiyo inashika. Liandike hilo, baba, na wengine wapone. Ijumaa hii sitaigusa. Hata dunia ipinduke."

Nikaandika neno kwa neno, kama kazi inavyonitaka: Mteja anasema, ukiiachia ndiyo inashika. Nikaipeleka juu kwa furaha. Nawaambia ukweli, nilidhani watamtunza kanga na mimi nitapewa kiti chenye magurudumu.

*

Karatasi ile ilisomwa wizarani saa tatu asubuhi, na saa tatu na nusu milango ilikuwa imefungwa. Nilikuwemo, nimesimamishwa pembeni. Mheshimiwa Mapembe aliisoma mara ya nne.

"Ukiiachia ndiyo inashika," alisema. "Nini?"

"Simu, Mheshimiwa," nilijibu.

"Simu imeandikwa wapi hapa?"

Kwa kweli haikuwa imeandikwa. Aliitwa profesa wa lugha, akaulizwa ni vitu gani mtu anaweza kuviita "i". Profesa alifuta miwani, akasema ni vitu vingi, Mheshimiwa, ngeli hiyo ni pana: ngoma, nyumba, nguo, simu.

"Na nchi?"

Profesa alitoka jasho. "Na nchi, Mheshimiwa. Nchi na simu ni ngeli moja."

Chumba kizima kilivuta pumzi kwa hofu. Kumbe kuna kikongwe mtaani anayesema kwamba nchi imeshikwa mno, na kwamba Mshika Nchi akiiachia ndipo mambo yatakaposhika! Nilitaka kuwaeleza habari za unga wa chapati. Nilifungua mdomo, nikaona kila mtu ananitazama, nikapiga chafya ya uongo nikaufunga.

Alhamisi ulitoka Waraka Namba Nane. Kila Fahari inayotumika ishikwe wakati wote. Fahari isiyoshikwa ni mali isiyo na mwenyewe, na itachukuliwa na Serikali. Mkaguzi Feruzi, mtu mrefu mwenye sharubu zilizonyooshwa kwa mafuta, alipewa kazi ya kwenda kwa Bi Siwatu kesho yake, na mimi nilipewa heshima ya kuwa shahidi.

Alitukaribisha kwa chai ya tangawizi. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, imefagiliwa vizuri. Simu ilikuwa juu ya stuli katikati ya chumba, peke yake, vimistari vitano wima. Yeye alikuwa amekaa mkekani, mikono ameikalia ili isimponyoke.

"Bibi," alisema Mkaguzi, "nakuomba uishike simu yako."

"Nitaishika saa kumi na robo, mwanangu. Niache robo saa tu."

"Sheria haina robo saa."

"Huna mama wewe?"

"Ninaye," alisema Mkaguzi, na nadhani alikuwa anasema kweli, maana aliangalia ukuta.

Ikalia. Bi Siwatu aliutoa mkono mmoja, akaigusa kwa kifundo cha kidole, mara mbili, akaurudisha mkono chini yake haraka. Sauti ya kijana ikajaa chumbani, ya wazi kabisa, na nyuma yake ukisikika upepo wa nchi nyingine.

"Shikamoo, mama."

Alifungua mdomo. Muda wote ule alikuwa na neno hilo ulimini, na sasa ndiyo wakati wake, na halikutoka. Machozi yalitangulia. Alimeza mate, akajaribu tena, na mimi niliyekuwa nimesimama karibu na mlango nikawa najaribu naye, midomo yangu inatikisika kama ya mjinga.

"Mama?" sauti ikauliza.

Mkaguzi Feruzi alikuwa mtumishi mwaminifu. Aliona simu inatumika na haijashikwa na mtu. Akainama, akaishika.

*

Kwa ushahidi wangu nilipandishwa cheo. Nilifanywa Mtunza Vielelezo, kwenye ghala la chini la shirika, mahali ambapo vitu vya kesi huwekwa mpaka kesi ziishe, nazo huwa haziishi. Kesi ya Bi Siwatu iliahirishwa mpaka upelelezi wa ngeli ukamilike. Mimi nikakatazwa kuonana naye. Niliambiwa na jirani yake kwamba kila Ijumaa alasiri anakaa mkekani mbele ya ile stuli, haina kitu, mpaka adhana ya magharibi.

Kanuni ya ghala inasema kielelezo kitunzwe kama kilivyokutwa. Fahari yake ilikutwa inawaka, kwa hiyo imeunganishwa kwenye waya wa umeme, juu ya rafu ya mbao, na lebo shingoni. Kanuni inasema pia kielelezo kisiguswe kwa mkono. Kwa hiyo hakuna aliyeishika, na kwa kuwa hakuna aliyeishika, nchi nzima haikuwa na simu iliyoshika vizuri kuliko hiyo.

Ijumaa ya kwanza, saa kumi, ililia. Nilisimama wima kama nimeitwa na mkubwa. Ililia mpaka ikachoka. Ijumaa ya pili ikalia, nikatoka nje nikasimama koridoni. Ya tatu nilibaki. Ya nne niliivalia shati safi, na hapo nikajishangaa mwenyewe.

Nilikuwa mpweke. Nalisema wazi, kwa kuwa hakuna waraka unaolikataza neno hilo. Nina miaka hamsini na minane, na simu ya mtu mwingine iliyokuwa ikipigiwa mtu mwingine ndiyo sauti pekee niliyokuwa nikiingojea tangu Jumatano. Mimi ndiye niliyeandika Mpigiwa. Niliandika Mpigiwa mara nyingi kuliko nilivyowahi kuandika jina langu.

Ijumaa ya tano ililia. Kanuni inakataza mkono, haijataja kiwiko. Niliinama, nikaigusa kwa kiwiko mara mbili, kama nilivyomwona yeye akifanya kwa kidole.

"Shikamoo, mama." Sauti ilikuwa imechoka. "Usikate. Au kata, lakini ngoja nimalize. Leo ndiyo mwisho, sitakusumbua tena. Nilitaka ujue tu kwamba sina kinyongo. Basi."

"Mama hayupo hapa," nilisema.

"Nani wewe? Mama yangu amekufa?"

"La, la. Mzima. Yuko nyumbani kwake."

"Amekupa simu umpokelee." Alicheka kicheko kibaya. "Hata kunikatia mwenyewe hataki tena."

"Hakukukatia," nilisema.

"Mzee, mara zote hizo? Napiga, anapokea, namwamkia, anakata. Nilikuwa naisikia inakatwa!"

"Ilikatika."

Neno hilo sikuwa nimelitamka tangu Waraka Namba Saba, na lilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, likagonga ukuta wa mwisho wa ghala. Nikalirudia. "Ilikatika, baba. Yenyewe. Simu hizi ukizishika hazishiki. Na yeye alikuwa anaishika."

"Kwa nini alikuwa anaishika?"

"Kwa sababu ni wewe uliyekuwa unapiga."

Niliangalia vimistari, vilikuwa vitano vyote. Niliisikia pumzi yake inakuja na kurudi.

"Alikuwa ananisikia?" aliuliza.

"Nusu. 'Shika', basi. Alidhani unamwambia ashike."

"Na akasema nini?"

"Alikuitikia."

"Lini?"

"Ijumaa zote. Marahaba mwanangu, marahaba baba. Akiwa na simu iliyokatika mkononi."

Sauti niliyoisikia baada ya hapo siwezi kusema ilikuwa ya kucheka au ya kulia, sina uzoefu. Kisha alivuta kamasi, akaniuliza kama mlango ni ule ule, nikamwambia ni ule ule. Akasema nimwambie anakuja. Nikamwambia mimi nimekatazwa kuonana naye, aje amwambie mwenyewe, na akifika asibishe hodi kwa simu. Akaniambia ahsante, mzee. Akaaga vizuri, kama mtoto aliyelelewa, akakata.

Juu ya ghala ni ofisi ya Mkaguzi Feruzi, na sakafu yake ni mbao. Nilisikia kiti kinasukumwa, kisha viatu vinashuka ngazi, moja moja, vya mtu aliyesikia neno lililofutwa na anakuja kuona nani amelisema. Ghala lina mlango wa nyuma, na ufunguo wake ninao mimi. Nilikaa juu ya kreti karibu na simu ile, nikaupakata mkono wangu, tayari kukaguliwa. Nilitaka anikute.